Sekunde 56: sauti ya Ituri ambayo haina jina

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Bunia. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale hawakuweza kufika.)



Waliniomba niongee juu ya wanamuziki ambao wanastahili kujulikana kuliko vile wanajulikana. Najua kila mmoja wenu iko na jina moja kichwani. Mwengine anawaza kijana wa kartiye yao anaimba vizuri kuliko wale wa Kinshasa, lakini nyimbo zake zinaishia mu telefone ya marafiki. Mwengine anawaza mama wa kwaya. Majina hayo yote ni ya kweli na tutayafikia. Lakini leo nataka kuanza na wanamuziki ambao, kati ya watu wote wa jimbo letu, sauti yao njo imeenda mbali zaidi. Imepita Kinshasa, imepita Paris, imepita mwezi na jua. Na hakuna hata mmoja kati yetu hapa anaweza kusema majina yao.

Musicheke, nitaeleza.

Mwaka wa 1977, Marekani ilirusha vyombo viwili juu mbinguni. Voyager 2 iliondoka tarehe 20 mwezi wa nane, Voyager 1 tarehe 5 mwezi wa tisa. Kwenye kila chombo waliweka disiki ya shaba iliyopakwa zahabu. Kikundi cha mwanasayansi Carl Sagan njo kilichagua vya kuweka ndani: salamu mu lugha 55, sauti za mvua na wanyama, na muziki wa dunia. Wazo lilikuwa hivi: kama siku moja kiumbe fulani kule mbali kitaokota hii disiki, kijue kama hapa duniani kulikuwa watu, na watu hao walikuwa wanaimba.

Mu zile lugha 55, Kiganda kiko, Kinyanja kiko, Kiswahili hakiko. Lakini mu muziki, Ituri iko! Wimbo wa kwanza ni Bach, Mjerumani. Wa pili ni wa Java, Indonesia. Wa tatu ni ngoma za Benin. Wa ine ni wimbo wa wasichana Wambuti, wimbo wa jando lao, kutoka msitu wetu wa Ituri. Kisha wanafuata watu wa Australia, kisha Mexico, kisha Chuck Berry na gitare yake. Baadaye Mozart, Louis Armstrong, Beethoven. Dada zetu wa msituni waliwekwa mbele ya Beethoven, na hakuna mtu aliwahurumia: waliwekwa kwa sababu muziki wao ni mkubwa.

Wimbo wao unachukua sekunde 56.

Sasa angalia karatasi ya ile disiki. Bach iko na jina lake. Chuck Berry iko na jina lake. Kwa wimbo wetu wameandika: Zaire, wimbo wa jando wa wasichana pigme, umerekodiwa na Colin Turnbull. Jina la inchi liko, ingawa inchi ile haiitwe tena hivyo. Jina la mwenye mashine ya kurekodi liko. Jina la mwenye koo haliko.

Mimi nilisoma shule ya msingi, sekondari, na iniversite mpaka nikapata diplome ambayo mpaka leo iko mu folda inangojea kazi. Mu miaka yote hiyo hakuna mwalimu hata mmoja aliniambia hii habari. Nilifundishwa Beethoven ni nani. Hakuna mtu alinifundisha kama jirani wa Beethoven, kule mbinguni, ni binti wa Mambasa.

Tuongee kidogo juu ya yule aliyerekodi, kwa haki. Colin Turnbull alikuwa Mwingereza. Alifika Epulu mara ya kwanza mwaka wa 1951, kwenye kambi ya Mmarekani mmoja aliyeitwa Patrick Putnam. Akarudi tena mu miaka ile ya 1950, akakaa na Wambuti muda mrefu, akaandika kitabu juu yao, kilichotoka mwaka wa 1961. Nyimbo zilitoka New York mu disiki za Folkways, mwisho wa miaka ya 1950. Wasomi wengine walimkosoa, wakisema alipamba sana maisha ya msituni. Lakini mu kitabu chake aliandika majina ya watu: kijana Kenge, mzee Moke. Sikuje hapa kumtukana. Nataka tu muone kitu kimoja: mtu anaweza kuwa rafiki ya kweli, na bado karatasi ikatoka na jina lake peke yake. Sababu karatasi inafuata desturi, na desturi ilikuwa hivi: mzungu anarekodi, kabila linaimba. Kabila haliandikiwe jina la mtu. Kabila ni kama mvua: unasikia sauti, hauulize nani.

Na desturi hiyo ni ya zamani sana. Huko Aswan, Misri, kuna kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Harkhuf. Juu ya ukuta wameandika barua ya mfalme Pepi wa pili, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mfalme alikuwa bado mtoto, anafurahi sana kwa sababu Harkhuf anamletea mtu mfupi, mcheza ngoma, kutoka inchi za kusini. Anaamuru alindwe usiku na muchana asianguke mu maji. Jina la mfalme tunalijua. Jina la Harkhuf tunalijua. Mcheza ngoma mwenyewe? Hakuna jina. Miaka 4,000, wandugu, na bado tuko pale pale.

Watu wengine wa Bunia watasema: "Ah, hao wa msituni, muziki gani? Ni kupiga makelele tu." Tusikilize vizuri. Mu kwaya zetu za kanisa tunajua sauti ine: soprano, alto, tenor, bass. Mwalimu anaandika, watu wanajifunza, mtu akikosa anagombezwa. Wambuti hawana karatasi, hawana mwalimu wa mbele. Mmoja anaanza, mwengine anaingia na ya kwake, wa tatu anatupa sauti moja tu pale kuna nafasi, wa ine anajaza nafasi nyingine. Sauti inapanda kutoka kifuani mpaka kichwani na kushuka tena, haraka, bila kukatika. Wakati fulani wimbo moja unagawanywa kati ya watu wengi, kila mtu anashika noti yake, anangojea zamu yake. Ukitoa mtu mmoja, wimbo unatoboka. Maneno ni machache sana, wakati mwengine hakuna. Wapiga muziki wa jazz wanasoma miaka mingi kutafuta kitu kama hicho. Hapa kwetu mtoto anakikuta akiwa bado mgongoni mwa mama yake.

Kila shuguli iko na nyimbo zake. Kuna za kuwinda, kuna za asali. Elima ni ya wasichana wanapokomaa: wanakaa pamoja mu nyumba moja, wanaimba, na vijana wanawajibu kutoka inje. Wimbo ulioenda na Voyager ni wa jando hilo. Na kuna molimo. Molimo inaimbwa usiku, wakati jambo baya limepata kambi, kama kifo cha mtu mkubwa. Wambuti walimweleza Turnbull maana yake: msitu ni mzazi wetu, na mzazi hawezi kuacha watoto wateswe. Kama mabaya yametupata, basi amelala. Tutamwamsha, lakini tutamwamsha kwa wimbo, ili aamke na furaha.

Molimo pia ni jina la tarumbeta ndefu inayoitikia kutoka gizani. Turnbull alingojea kwa hamu kuiona, akifikiri ni chombo cha mbao kilichochongwa na mababu. Siku walipoileta, kumbe ni bomba la chuma, lile la maji, lililotoka kwa watengeneza barabara! Akasikitika. Wao wakamshangaa yeye. Kitu cha maana ni sauti, walimwambia, na chuma haiozi. Mimi nikisoma pale nilicheka peke yangu, ju hiyo ni Kongo kabisa. Ni kijana wa Bunia anatengeneza studio na magodoro ya zamani ukutani, mikro moja, na kompyuta ya kuazima. Wageni wanatafuta mila safi ya zamani, sisi tunatafuta kitu kinatoa sauti.

Sasa, jina linasaidia nini? Tuchukue mfano wa inchi yetu wenyewe. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika kwa miaka mingi, alipita Katanga. Kule Jadotville, mji tunaoita leo Likasi, alikutana na kijana mwenye gitare, anaimba kwa Kiswahili. Aliandika jina lake: Mwenda Jean Bosco. Wimbo "Masanga" ukatoka na jina hilo. Na jina lilimfungulia milango. Mpaka leo wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanajifunza mkono wa Mwenda. Mwaka wa 1969 alialikwa Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa. Alipokufa mwaka wa 1990, watu walijua nani amekufa.

Mwaka huo huo wa 1952, Tracey huyo huyo alifika huku kwetu, kaskazini-mashariki, akarekodi Wabudu, Wanande, Wambuti. Miaka mingi baadaye nyimbo hizo zilitolewa tena mu CD yenye jina la "On the Edge of the Ituri Forest", maana yake kandokando ya msitu wa Ituri. Jina la msitu liko juu kabisa. Na hata mbele yake, mwaka wa 1935 na 1936, msafara wa Armand Denis ulipita na mashine na kurudi na disiki za muziki wa watu wa msitu. Miaka karibu 90 dunia inakuja Ituri kuchota muziki, kama vile inavyochota zahabu ya Mongbwalu. Tofauti ni hii: zahabu ikitoka, inabaki shimo na sisi tunaliona. Muziki ukitoka, hakuna shimo. Kwa hiyo hakuna mtu analia.

Na mtu asidanganyike kwamba muziki huo hauna feza. Mwaka wa 1973 Herbie Hancock, mpiga piano mkubwa wa Marekani, alitoa tena wimbo wake "Watermelon Man". Mwanzo wake ni mtu anapuliza chupa ya bia kufuatisha filimbi ya watu wa msitu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambayo waliisikia mu disiki ya miaka ya 1960. Mwaka wa 1994 Madonna akachukua kipande kutoka kwa Hancock. Angalia mstari: kijiji, halafu mtafiti, halafu jazz, halafu pop. Kila hatua mtu anapata kitu, na majina yanazidi kuwa makubwa. Mu hatua ya kwanza peke yake hakuna jina, na pasipo jina hakuna mkono wa kupokea.

Hapa najua kuna mtu nyuma anasema kimoyo-moyo: "Watu wanachinjwa Mambasa, wanachinjwa Djugu, wanalala chini ya mashiti Kigonze, na wewe unatuletea habari ya nyimbo?"

Swali ni la haki. Nitajibu polepole, ju njo sababu nilikubali kusimama hapa.

Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, huko Mambasa kulikuwa operesheni ya kijeshi. Wenyewe waliipa jina "Effacer le tableau", maana yake kufuta ubao. Wanande na Wambuti waliuawa, wanawake walibakwa. Fikirieni jina hilo. Ubao unafutwa kama kile kilichoandikwa hakina maana.

Mwaka wa 2012, mwezi wa sita, kikundi cha Morgan kilishambulia Epulu, kwenye makao ya Rezerve ya Okapi. Waliua watu, na waliua okapi 14 waliokuwa wanafugwa pale. Magazeti ya dunia yalihesabu okapi. Okapi ni mnyama mzuri, mimi pia nilihuzunika. Okapi iko na picha mu feza yetu, iko na rezerve yake tangu 1992, na UNESCO imeiandika mu urithi wa dunia tangu 1996. Lakini jaribuni kumuuliza mtu yeyote majina ya wale watu waliokufa siku ile.

Na mwaka ule ule wa 2012, mwezi wa nane, miezi miwili tu baada ya Epulu kuchomwa, Voyager 1 ilitoka inje ya eneo lote ambalo upepo wa jua unafika. Ni chombo cha kwanza cha binadamu kufika pale. Juu yake kulikuwa sauti za wasichana wa msitu huo huo. Leo kiko mbali zaidi ya kilomita milyari 24, na kinaendelea. Mu mwaka moja, sauti ya Ituri ilifika mahali hakuna mtu amefika, na wenye sauti walikuwa wanakimbia na vyungu kichwani.

Munaona sasa? Ugonjwa ni moja. Wakati tunaimba, sisi ni "kabila fulani". Wakati tunakufa, sisi ni "watu kumi na tano". Habari za Ituri zinaingia mu redio bila majina, siku mbili zinasahaulika, hesabu mpya inakuja. Tangu mwezi wa tano 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na bado tunahesabiwa kwa jumla. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa akiwa anaimba, haliandikwe pia akiwa amekufa. Njo maana kwangu kudai jina la mwimbaji na kudai jina la aliyeuawa ni dai moja.

Na tuseme ukweli mpaka mwisho: kosa si la wazungu peke yao. Mu miji na vijiji vyetu, Mmbuti anaitwa kwa majina ya matusi. Analipwa shamba kwa kikombe cha pombe au nguo ya zamani. Kwenye sherehe anaitwa acheze, watu wanachukua video, wanacheka, wanaweka mu WhatsApp, na hakuna anayeuliza "unaitwa nani, mzee?" Desturi ya ile karatasi ya 1977 tunaiendeleza sisi wenyewe, na telefone zetu.

Ugonjwa huo hauishii msituni. Nendeni Mahagi, musikilize agwara za Waalur, zile tarumbeta kubwa ambazo kila moja inatoa sauti yake na kundi zima linakuwa wimbo. Sikilizeni adungu, kinubi chao. Nani kati yetu anajua mpigaji mmoja kwa jina? Hapa mjini, kuanzia Mudzipela mpaka Nyakasanza, kila juma kuna arusi. Mpiga piano anafika saa nane ya muchana, anatoka saa tano ya usiku. Mtu wa chakula analipwa, mtu wa viti analipwa, mtu wa foto analipwa. Mpiga piano anaambiwa "Mungu atakubariki". Akihamia Kampala, tunasema ametuacha. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mbili mu urithi wa dunia, na tulifurahi sote, ni haki yake. Nyimbo za sauti nyingi za Waaka wa Afrika ya Kati zilitangazwa tangu 2003. Nyimbo za Wambuti wa Ituri, zile zilizoenda mbinguni, hazimo. Hazitajiandika zenyewe.

Je, inawezekana kurudisha? Inawezekana, kwa sababu wengine wamefanya. Mwaka wa 1950 Tracey alirekodi wasichana Wakipsigis wa Kenya mu wimbo unaoitwa "Chemirocha". Karibu na mwaka wa 2014 maktaba aliyoanzisha, ambayo iko Afrika ya Kusini kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, ilirudi na nyimbo hizo mpaka kijijini. Walikuta wazee waliokuwa wamerekodiwa zaidi ya miaka 60 mbele, wakawapa nyimbo zao mikononi. Mwaka wa 2021, Rwanda ilipokea kutoka jumba la Tervuren, Ubelgiji, nakala za kidijitali za nyimbo zaidi ya 4,000. Majirani wetu wa kushoto na wa kulia wamerudishiwa.

Kwa hiyo, hiki njo tunaomba, na tunakisema wazi.

Kwa Serikali ya jimbo na Wizara ya Utamaduni: andikeni barua. Barua moja kwa Smithsonian, Washington, ambayo leo inashika disiki za Folkways. Moja kwa maktaba ya Rhodes. Moja kwa Tervuren. Tunataka nakala za nyimbo zote zilizorekodiwa Ituri, zifike Bunia, Mambasa na Epulu. Barua haiombe bajeti kubwa. Inaomba karatasi, muhuri, na mtu anayejali.

Kwa Bunge na wote wanaoshika sheria: kuna sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022, inayolinda haki za wenyeji wa asili pigme wa inchi yetu. Utamaduni wao umo ndani. Sheria ikibaki Kinshasa mu kabati, haijamsaidia mtu wa Epulu. Na SOCODA, inayosimamia haki za watunzi, ije ieleze vijana wa huku jinsi ya kujiandikisha. Wanamuziki wengi wa Bunia hawajui hata kama iko.

Kwa redio za mji wetu: tunaomba saa moja kwa juma ya muziki wa Ituri, na kabla ya kila wimbo mseme jina la mwimbaji na kijiji chake. Wimbo bila jina, ulizeni kwanza.

Kwa wanafunzi wa iniversite na ISP: kila mwaka munatafuta somo la memware, munaishia kunakili la mwaka uliopita. Wazee wanaojua hizo nyimbo wako hapa. Wengine wamekimbilia karibu na mji, mu kambi za wakimbizi wa vita. Wale wasichana wa disiki, kama kuna aliye hai, ni bibi wa miaka 80 na zaidi. Wajukuu wao wako na umri wetu. Memware moja nzuri ingeweza kupata jina moja. Jina moja tu, wandugu, lingetosha kubadilisha ile karatasi.

Na kwetu sisi wenyewe, kazi haingojee barua. Kila mtu hapa iko na telefone inayorekodi vizuri kuliko mashine ya Turnbull. Lakini tufuate masharti. Kwanza, uombe ruhusa, na mtu akikataa, umeshukuru na umeenda. Kuna nyimbo ambazo si za kila sikio. Pili, kabla ya kuimba, mwimbaji mwenyewe aseme jina lake, kijiji chake, lugha yake, na tarehe. Sauti yake ikisema jina lake, hakuna mtu atalifuta. Tatu, nakala moja ibaki kwa mwenyewe au kwa mtoto wake, hata mu kadi ndogo ya telefone. Ine, musiweke chochote mu intaneti mpaka mwenyewe amekubali. Tano, kama kuna franka inatoka, inaanza kwake.

Na kwa mpiga piano wa arusi: mulipe. Musimlipe kwa maombi.

Sisi vijana wa Ituri tumezoea kuambiwa hatuna kitu. Hatuna kazi, hilo ni kweli, mimi ni shahidi. Hatuna barabara nzuri, hatuna usiku wa kulala vizuri. Lakini siku watu walipokaa kuchagua ni nini kinaonyesha binadamu ni nani, walichukua kitu cha kwetu, wakakiweka namba ine. Waliochagua walijua thamani yake. Wenyeji njo hawakuambiwa.

Wambuti wanasema mabaya yakizidi, msitu umelala, na watoto wake njo wanapaswa kuimba mpaka aamke. Mimi sijui kama Serikali inalala kama msitu. Lakini najua haitaamka kwa wimbo ambao hauna mwimbaji. Kwa hiyo, juma hili, kila mmoja wetu alete jina moja: jina, kijiji, na wimbo anaoimba. Tutaliandika kwenye daftari la kundi letu, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Daftari la kwanza tumeshanunua, franka zilichangwa na watu waliokaa hapa mbele.